Sura ya Sita: Deni la Jina

Kabla gemu ya mpira haijafunguka, kioo hujaa maandishi madogo: nembo hii ni mali ya ligi fulani, majina haya yametumika kwa idhini ya chama fulani, picha za uwanja huu ni haki ya klabu fulani. Kwenye vibanda vya gemu vya Somanda hakuna anayeyasoma. Kidole kiko kwenye kitufe, yanapita. Mmoja anachagua Manchester City, mwenzake Real Madrid, na wa tatu amesimama nyuma ya benchi akisubiri atakayefungwa ampishe. Wote watatu wanaijua jezi ya msimu huu, wanazijua namba za wachezaji, wanajua nani hupiga kona na nani hupiga penalti. Katika yote hayo hakuna hata moja alilolibuni mtengenezaji wa gemu. Aliyaomba kwa wenyewe, mawakili wakakaa, pesa ikalipwa.

Hiyo ndiyo gemu ya leseni: gemu iliyojengwa juu ya kitu chenye mwenyewe tayari, iwe ligi ya mpira, filamu, katuni, kitabu au mieleka. Kwa miaka zaidi ya arobaini wakosoaji wa Marekani, Ulaya na Japani wameliweka kundi hili chini kabisa. Gemu inayosifiwa kuwa sanaa ni ile iliyozaliwa kichwani mwa mtengenezaji wake, yenye ulimwengu wake na mashujaa wake. Iliyoazima jina huitwa biashara, na mtengenezaji wake huitwa kibarua.

Hukumu hiyo si ya haki. Anayetengeneza gemu kwa jina la mwingine anabeba madeni mawili: la kwanza kwa mwenye jina, la pili kwa watu wanaolipenda jina hilo. La kwanza hulipwa kwa fedha na huisha. La pili hulipwa kwa ufundi, na anayelidai ni kila mtu anayeshika pedi. Sura hii ni ya wale waliolilipa.

Tulipimie wapi?

Somanda ni kata ndani ya mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mashariki yake iko Serengeti. Hakuna kampuni kubwa ya gemu iliyowahi kuweka ofisi hapa. Ndiyo maana pananifaa kama mahali pa kupimia. Mchezaji wa hapa hajasoma uhakiki wa jarida lolote, wala hajali gemu ipi ilipewa tuzo Los Angeles. Anacho kipimo kimoja tu: anaujua mpira. Jumamosi ameutazama kwenye kibanda umiza, Jumapili anauchezea kwenye kibanda cha gemu. Mshambuliaji ambaye jana alikimbia kama upepo, leo kwenye gemu akikimbia kama mzee, kelele zitapigwa hapo hapo.

Mtengenezaji wa gemu ya kubuni hakabiliwi na kesi ya namna hiyo. Akisema joka lake lina mabawa sita, lina mabawa sita. Anayemtengeneza Mohamed Salah hana uhuru huo. Salah yupo, anatazamwa kila wiki na mamilioni ya watu, na kila mmoja wao ni shahidi. Kutengeneza kitu ambacho mtazamaji anakijua kuliko wewe ni mtihani mzito, na anayeufaulu anastahili kutajwa kwa heshima.

Kovu la mwaka 1982

Jina baya la gemu za leseni lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilinunua haki ya kutengeneza gemu ya filamu ya Steven Spielberg, E.T., kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 20 hadi 25. Mazungumzo yaliisha mwishoni mwa Julai, na gemu ilitakiwa iwe dukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, aliyekabidhiwa kazi hiyo, alibakiwa na takriban wiki tano. Gemu nyingine wakati huo zilichukua miezi. Alimaliza kwa wakati, lakini wachezaji walijikuta wakitumbukia mashimoni kila dakika bila kujua wafanye nini. Nakala nyingi hazikuuzwa. Mwaka 1983 Atari ilifukia shehena ya bidhaa zake kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, na Aprili 2014 wachimbaji walifukua jalala hilo mbele ya kamera wakazikuta nakala za E.T. mchangani.

Tangu hapo kisa hicho husimuliwa kama ushahidi kwamba jina la kuazima huzaa gemu mbovu. Tukiutazama ushahidi wenyewe, unasema jambo jingine. Warshaw hakukosa uwezo. Mwaka huo huo Atari ilitoa gemu yake ya Raiders of the Lost Ark, nayo ya leseni, nayo ya filamu ya Spielberg, na ile alipewa miezi. Kilichoiua E.T. ni kalenda. Wakubwa walitumia muda kwenye mkataba, wakamwachia fundi siku zilizobaki. Gemu nyingi mbovu za filamu zilizofuata zilikufa kifo hicho hicho: lazima zitoke siku filamu inapotoka, ziwe zimeiva au hazijaiva. Kumlaumu fundi kwa ratiba ya mwajiri, kisha kuilaumu aina nzima ya kazi kwa sababu ya fundi huyo, ni kupeleka adhabu nyumba isiyo na kosa.

Gemu ilipoizidi filamu

Tazama kinachotokea fundi akipewa nafasi. Filamu ya James Bond, GoldenEye, ilitoka Novemba 1995. Kampuni ya Rare ya Uingereza ikapewa kazi ya gemu yake. Kikosi kilichoongozwa na Martin Hollis kilikuwa kidogo, na wengi wao walikuwa hawajawahi kutengeneza gemu. Walikwenda studio za Leavesden filamu ilipopigwa, wakapiga picha za majengo na samani, kisha wakajenga kumbi na korido zile zile kwa namna ambayo mtu anaweza kuzipita. Gemu ilitoka Agosti 1997, karibu miaka miwili baada ya filamu. Iliuza nakala zaidi ya milioni 8, na mchezo wake wa watu wanne kwenye kioo kimoja ulifundisha kizazi kizima jinsi marafiki wanavyoweza kuwindana wakiwa wamekaa bega kwa bega.

Hapo kuna jambo la ndani zaidi kuliko mauzo. Kwenye filamu, kamera huonyesha upande mmoja wa chumba. Gemu lazima iwe na pande zote nne, dari, mlango wa nyuma, na sababu ya mlango huo kuwapo. Mafundi wa Rare walilazimika kujiuliza maswali ambayo mwongozaji wa filamu hakuwa na haja ya kujiuliza, na majibu yao yalikuwa ubunifu kamili, ingawa jina lililoandikwa juu ya boksi lilikuwa la mtu mwingine.

Mwaka 2004 mafundi wa kampuni ya Treyarch walitoa Spider-Man 2 pamoja na filamu yake. Katika gemu za awali shujaa huyu alirusha utando angani ukanasa popote, hata pasipo na kitu. Treyarch walitaka utando unase kwenye jengo halisi, bembea ifuate uzito na mwendo wa mwili. Mchezaji akiwa juu ya barabara pana isiyo na ghorofa kando yake, hana pa kunasa; lazima ashuke atembee. Watu waliokuwa wamesoma vitabu vya Spider-Man tangu utotoni ndipo walipoelewa kwa mikono yao kwa nini mtu huyu anaishi New York na si kijijini. Filamu haikuwa na njia ya kuwaambia hivyo. Mwaka huo huo ikatoka gemu ya The Chronicles of Riddick, na wakosoaji wengi walikiri waziwazi kwamba ilikuwa bora kuliko filamu iliyoizaa.

Fundi cherehani anayeletewa kitambaa na mteja hafanyi kazi nyepesi kuliko anayeshona kitambaa chake. Wa kwanza akikosea mkato hana cha kurudisha. Hilo ndilo jambo linalosahauliwa tunapowaita watengenezaji hawa vibarua.

Majina ya bandia uwanjani

Turudi kwenye mpira, kwa sababu hapo ndipo Somanda ina neno la kusema.

Gemu ya kwanza ya FIFA kutoka Electronic Arts (EA) ilitoka Desemba 1993. Ilikuwa na idhini ya shirikisho la mpira la dunia, lakini haikuwa na idhini ya wachezaji. Kwa hiyo Brazil, iliyokuwa ikijiandaa kwenda kutwaa Kombe la Dunia la 1994 ikiwa na Romário na Bebeto, kwenye gemu iliongozwa na mshambuliaji aitwaye Janco Tianno, mtu ambaye hajawahi kuivaa jezi ile popote duniani. Majina halisi yaliingia na toleo la FIFA 96, baada ya makubaliano na FIFPro, umoja wa vyama vya wachezaji.

Washindani wao wa Japani, Konami, walipita njia ngumu zaidi. Gemu yao ya Winning Eleven, ambayo nje ya Japani ikawa Pro Evolution Soccer, ilisifiwa kwa mwendo wa mpira wenyewe, lakini leseni zilikuwa chache. Liverpool ikaitwa Merseyside Red, Manchester United ikaitwa Man Red, na Roberto Carlos akageuka Roberto Larcos. Mpira ulikuwa mtamu, lakini wachezaji wengi walitumia saa nyingi kufungua sehemu ya kuhariri na kurekebisha jina moja baada ya jingine, jezi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ya bure, iliyofanywa kwa mapenzi kuanzia Ulaya hadi Afrika Mashariki, inaonyesha leseni ni kitu gani kwa mchezaji. Asingejisumbua hivyo kwa pambo. Jina ndilo linalomwezesha mtu kuingiza furaha na uchungu wa Jumamosi ndani ya mechi ya Jumapili. Kufungwa na Man Red ni kufungwa na kompyuta. Kufungwa na Manchester United wewe ukiwa shabiki wa Liverpool ni jambo la kukosesha usingizi.

Majina hayo yana wenyewe, na wenyewe wana haki. Mwaka 2003 mahakama ya Hamburg ilikubaliana na golikipa Oliver Kahn kwamba jina na sura yake vilitumiwa katika gemu ya Kombe la Dunia la 2002 bila ridhaa yake. Miaka mingi baadaye Juventus ilijifunga kwa Konami peke yake, na toleo la FIFA 20 likalazimika kuiita timu ya Cristiano Ronaldo Piemonte Calcio. Kisha shirikisho la FIFA lenyewe na EA wakaachana: FIFA 23 ikawa ya mwisho yenye jina hilo, na Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Jina kubwa kuliko yote liliondoka, lakini uwanja haukuwa mtupu, kwa sababu leseni za ligi, klabu na wachezaji zilikuwa mikataba mingine. Wakati huo EA ilitangaza kuwa na washirika wa leseni zaidi ya 300, wachezaji zaidi ya 19,000 na timu zaidi ya 700. Nyuma ya kila tarakimu kuna watu waliokwenda kupima uwanja, kupiga picha za uso, kusikiliza nyimbo za mashabiki. Toleo la FIFA 15 lilikuwa na viwanja vyote 20 vya Ligi Kuu ya England ya msimu ule. Kujenga viwanja 20 ambavyo mamilioni ya watu wanavijua kwa macho ni kazi ya ujenzi, hata kama hakuna tofali.

Mtanzania ndani ya kioo

Januari 2016 Mbwana Samatta alitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, aliyotwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Ligi ya Ubelgiji ilikuwa na leseni kwenye gemu ya FIFA. Kwa mkataba uliosainiwa na watu wasioijua Mbagala ya Dar es Salaam wala Bariadi, Mtanzania akaingia kwenye orodha ya wachezaji unaoweza kuwachagua. Msimu wa 2018/19 alikuwa bingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 akaenda Aston Villa, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga bao Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Nataka msomaji atafakari maana ya hilo kwa mtoto wa Simiyu. Gemu ya kubuni ingeweza kumpa shujaa Mwafrika mwenye nguvu za ajabu, na lingekuwa jambo jema. Lakini shujaa yule angekuwa ametolewa na mtu kwa hisani. Samatta hakuwekwa kwa hisani. Aliingia kwa sababu alifunga mabao, na gemu ya leseni ina wajibu wa kuandika kilichotokea. Ukweli ukibadilika, gemu inabadilika. Hapa ndipo ninapoiona heshima ya pekee ya aina hii ya gemu: mlango wake unaweza kufunguliwa kutoka nje, na mtu aliyeanzia mpira wa mchangani.

Simba na Yanga wako wapi?

Mlango huo, hata hivyo, haujawafikia wote. Kijana wa Somanda anaweza kucheza na timu za daraja la pili la Uingereza ambazo hajawahi kuziona. Akitaka Kariakoo Dabi, yaani Simba dhidi ya Yanga, gemu hizi kubwa hazimpi. Wapo vijana wa kompyuta wa Afrika Mashariki waliolijibu pengo hilo wenyewe: huchukua gemu ya mpira ya simu, hubandika jezi, nembo na majina ya klabu za nyumbani, kisha huisambaza. Kisheria hawana idhini. Lakini tuutambue ufundi wao na tuitambue njaa iliyowatuma. Wanafanya kile kile walichofanya wachezaji wa Pro Evolution: wanadai jina lao liwepo.

Nchi hii inajua vizuri kuuza haki. Mwaka 2021 shirikisho la mpira, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225 na zaidi. Klabu kubwa zina wazabuni rasmi wa jezi, na kila msimu zinawasihi mashabiki wasinunue feki. Haki ya picha ya televisheni ina bei, haki ya jezi ina bei. Haki ya gemu nayo ni mali, na inasubiri mtu wa kuitaka na mtu wa kuiuza kwa masharti yanayomwezesha fundi kuishi.

Tena mpira si mali pekee tuliyo nayo. Wasukuma, wenyeji wa Simiyu, wana makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayoshindana baada ya mavuno. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na dawa zake na ubunifu wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Kanuni ya gemu iliyo wazi na tamu kiasi hicho haipatikani kila siku: pointi zako ni watu waliokugeukia. Anayetaka kuitengeneza atakuwa na mwenye mali wa kumwendea, yaani jamii yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa, kwa hiyo kuomba idhini si jambo la klabu na kampuni peke yake. Na watazamaji wa Bariadi watajua mara moja kama mtengenezaji aliwahi kusimama kwenye uwanja wa ngoma au alisoma tu mahali.

Heshima tuliyokwisha kuitoa

Hatuhitaji kujifunza heshima hii upya, kwa sababu kwingine tunaitoa. Mwalimu Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hadithi ilikuwa ya Shakespeare, lakini hakuna msomaji wa Kiswahili anayesema Mwalimu alifanya kibarua. Tunasifu namna alivyoipa mizani yetu kazi ya mtu mwingine. Derek Gaspar Mukandala, ambaye mtaani tunamjua kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na watu walichagua mkanda kwa jina lake kuliko kwa jina la mwigizaji. Picha haikuwa yake. Raha ilikuwa yake.

Basi tuipime gemu ya leseni kwa maswali yanayostahili. Je, inakijua kitu ilichokiazima? Je, inamwezesha mchezaji kutenda jambo ambalo kwenye filamu au uwanjani angeweza kulitazama tu? Je, wenye jina walilipwa, na fundi alipewa muda? Gemu inayojibu ndiyo mara tatu ni kazi ya sanaa, na jina la watu wengine juu ya boksi halipunguzi chochote.

Heshima hiyo ina matunda ya vitendo. Kijana wa Bariadi anayejua kuandika programu, akiamini kwamba gemu ya kweli ni ile tu yenye ulimwengu mpya kabisa, atashindana na makampuni yenye maelfu ya wafanyakazi kwa silaha wasizopungukiwa. Akiamini kwamba kuijua dabi ya Kariakoo au ngoma ya Bagalu kwa undani ni utaalamu kamili, atakuwa ameshika kitu ambacho watengenezaji wa Vancouver na Tokyo hawana. Klabu, vyama vya ngoma na watunga katuni wetu wamfungulie mlango kwa mkataba ulioandikwa, wenye bei anayoiweza na muda wa kutosha. Sisi wachezaji tumdai kazi nzuri, kwa ukali ule ule tunaomdai Mwingereza na Mjapani.